Picha ya Kilima na Picha ya Senene

Jina la wilaya ya Ngara liliingia katika magazeti ya dunia nzima mwishoni mwa Aprili 1994. Kwa muda wa takribani saa 24, kuanzia tarehe 28 ya mwezi huo, watu waliokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Tanzania, mizigo kichwani na watoto mgongoni. Walipokelewa Benaco, mahali palipopata jina la kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi wa barabara, na kwa kipindi fulani kambi ile ilitajwa kuwa kubwa kuliko kambi zote za wakimbizi duniani. Waandishi wa habari walifuata, na pamoja nao wakaja wapigapicha.

Mmoja wao alikuwa Sebastião Salgado, Mbrazili aliyezaliwa mwaka 1944. Kabla ya kushika kamera alikuwa mchumi katika Shirika la Kimataifa la Kahawa mjini London, kazi aliyoiacha mwaka 1973. Picha alizopiga Benaco zimo katika mradi wake mkubwa kuhusu watu waliohama makwao, uliotoka kama kitabu mwaka 2000. Nyingi kati ya picha za Benaco, zake na za wenzake, zina umbo moja: mpigapicha amesimama mahali pa juu, karibu yake wapo watu wachache, na nyuma yao turubai na moshi wa kuni vimejaa bonde mpaka macho yanaposhindwa kuona. Hiyo ndiyo picha pana.

Kambi za wakimbizi wale zilifungwa Desemba 1996. Picha zimebaki, makumbushoni na vitabuni, na kwa watu wengi wa mbali hizo ndizo picha pekee za Ngara walizowahi kuziona.

Nyakisasa ni kata katika wilaya hiyo hiyo. Nyumbani watu wake huzungumza Kihangaza na Kishubi, sokoni na shuleni Kiswahili. Hulima migomba, maharage, mahindi, muhogo na kahawa. Vijana wake wana simu zenye kamera mfukoni, na simu hizo hupiga picha nyingi: harusi, mahafali, jezi mpya ya timu, rafiki aliyekaa juu ya pikipiki. Ni picha halali na zina thamani kwa wenyewe. Lakini kilima kinachoonekana nyuma ya pikipiki hakijapigwa kwa makusudi, wala mdudu aliyekaa kwenye jani la mgomba pembeni. Mazungumzo haya yanahusu vitu hivyo viwili, kilima na mdudu, na uraibu mwema wa kuvitazama kupitia lenzi.

Tuanze na kilima.

Lenzi hutambulishwa kwa milimita. Katika kamera inayotumia filamu ya milimita 35, lenzi ya milimita 50 huonyesha vitu kwa namna inayokaribiana na jinsi jicho lilivyozoea kuviona. Ikishuka chini ya 35, yaani 28, 24, 20 mpaka 14, lenzi inaitwa pana, kwa sababu inameza eneo kubwa kwa mara moja. Mwenye simu asidhani kwamba mambo haya ni ya matajiri. Kamera kuu ya simu nyingi za leo huona eneo linalolingana na lile la lenzi ya milimita 24 hadi 28. Simu zenye kitufe cha 0.5 au 0.6 zina lenzi pana zaidi ya hapo, inayokaribia milimita 13 hadi 16. Kwa hiyo karibu kila mwenye simu janja Nyakisasa tayari ana lenzi pana, hata kama hajawahi kuiita hivyo.

Kosa la kwanza la anayeanza ni lile lile kila mahali. Anasimama ukingoni mwa barabara ya vumbi jekundu, anaona milima imepangana mmoja nyuma ya mwingine kuelekea mpaka wa Burundi, moyo unajaa, anabonyeza. Akitazama picha anakuta milima imekuwa vichuguu, na robo tatu ya picha ni mbingu nyeupe na barabara ya vumbi isiyo na kitu. Simu haikuharibika. Hiyo ndiyo tabia ya lenzi pana: inavisukuma mbali vitu vilivyo mbali na kuvikuza vilivyo karibu.

Dawa yake ni kuipa lenzi kitu cha karibu cha kushika. Anayejua hupiga hatua mbili, anachuchumaa, na kuweka mbele kabisa tenga la kahawa mbivu, au gurudumu la baiskeli iliyobeba mikungu mitatu ya ndizi, au pembe za ng'ombe wa Kinyankole ambazo zenyewe ni pana kama mikono ya mtu aliyejinyoosha. Kilima kinabaki nyuma, sasa kikiwa na maana, kwa sababu jicho la mtazamaji lina mahali pa kuanzia safari na mahali pa kuimalizia. Mstari wa upeo unyooke. Uso wa mtu usiwekwe pembeni kabisa mwa picha, maana lenzi pana huvuta vitu vya pembeni na kumfanya mtu awe na kichwa kirefu asichokuwa nacho.

Saa nayo ni nusu ya kazi. Jua la saa sita mchana huanguka wima na kuvifuta vivuli vyote, na kilima bila kivuli ni kama karatasi. Saa moja asubuhi na saa kumi na mbili jioni mwanga huja kwa ubavu, kila mkunjo wa ardhi unajitokeza, na asubuhi ukungu bado umelala mabondeni juu ya mafunjo. Kiangazi, moshi wa mashamba na vumbi huifanya hewa kuwa nzito, na milima ya mbali hupotea. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi yake hewa inakuwa safi, na ndiyo siku ya kupanda juu na simu.

Mandhari za kupiga hazikosekani upande huu. Karibu na Rusumo mto Ruvubu unaotoka Burundi unaungana na mto Kagera, ambao maji yake husafiri safari moja ndefu hadi Ziwa Victoria. Kwenye barabara ya Lusahunga kwenda Rusumo malori ya mizigo hupanda vilima polepole kama siafu. Upande wa mashariki, kuelekea Biharamulo na Chato, kuna Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato iliyoanzishwa mwaka 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 4,707. Eneo kama hilo halielezeki kwa maneno peke yake. Linahitaji mtu wa kusimama juu ya mwinuko asubuhi na mapema, akalipiga kwa upana wake.

Inafaa kukumbuka kwamba kuna kamera iliyowahi kubebwa katika msafara uliopita nchi hii, na haikuacha picha hata moja ya hapa. Mwaka 1860 Waingereza John Hanning Speke na James Augustus Grant waliondoka pwani kutafuta chanzo cha Nile. Grant alikuwa na vifaa vya kupigia picha, na alipiga picha Unguja kabla ya safari, ambazo ni miongoni mwa picha za kale kabisa za Afrika Mashariki. Lakini teknolojia ya wakati ule ilidai kioo kipakwe dawa, kipigwe picha na kusafishwa kikiwa bado kibichi, yote ndani ya hema dogo lenye giza. Katika joto la bara, hema lile liligeuka tanuri. Speke aliona rafiki yake angekufa mle ndani, kazi ya kamera ikaachwa, na Grant akashika penseli na rangi za maji. Msafara ulipofika mwaka 1861 katika nchi ambayo wasafiri waliiita Usui, chini ya mtawala Suwarora, na baadaye Karagwe kwa Rumanyika, ulikuwa msafara wa michoro. Leo kazi iliyotaka hema, dawa na vioo inafanywa na kitu kinachoingia mfuko wa shati.

Sasa tushuke chini, kwa mdudu.

Picha ya karibu kwa maana ya kitaalamu ni ile ambayo kitu kinaonekana ndani ya kamera kwa ukubwa wake halisi, moja kwa moja. Kipande kinachopokea picha katika kamera kubwa kina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Mbegu ya kahawa inaenea hapo na nafasi inabaki. Senene mzima, pamoja na mabawa yake, haenei. Hapo ndipo mpigapicha wa karibu anapoanza kuchagua: je, apige kichwa, au mguu, au vipapasio?

Na senene ni mwalimu mzuri. Katika mkoa wa Kagera kila mtu anamjua, hasa msimu mkubwa wa Novemba na Desemba, taa kali zinapowashwa usiku na mabati kuinamishwa juu ya mapipa ili wanaoruka waelekee mwanga, wagonge bati, wateleze ndani. Watu wameshika senene tangu utotoni, wamewanyonyoa mabawa, wamewakaanga, wamewala. Lakini ni wachache waliowahi kumtazama mmoja usoni. Picha ya karibu inaonyesha kwamba vipapasio vyake ni vyembamba kama nyuzi na ni virefu kuliko mwili, tofauti na nzige, ambaye vipapasio vyake ni vifupi na vinene. Inaonyesha kwamba wapo wa kijani na wapo wa kahawia, jamii ile ile. Na inaonyesha jambo ambalo huwashangaza hata wazee: chini kidogo ya goti la mguu wa mbele kuna kitundu kidogo, na hilo ndilo sikio. Senene husikia kwa miguu. Dume huimba kwa kusugua bawa juu ya bawa, na jike humsikiliza kwa magoti.

Shida ya picha ya karibu ni kwamba inatoza ushuru kwa kila kitu. Ukaribu ukiongezeka, sehemu inayoonekana safi inapungua hadi kuwa unene wa kucha. Katika ukubwa halisi, kwa tundu la lenzi la namba 8, sehemu hiyo ni kama milimita 1 tu. Jicho la mdudu likiwa safi, mguu wake wa nyuma ni ukungu. Upepo mdogo unaotikisa jani, ambao katika picha ya kilima hauonekani, hapa ni tetemeko. Hata pumzi ya mpigapicha inaharibu. Ndiyo maana wanaopenda kazi hii huamka mapema kuliko wengine: asubuhi yenye baridi wadudu hawajapata joto la kuruka, umande umewashika mabawani, upepo haujaamka, na mwanga ni laini. Saa nne wote wamekwisha kuruka.

Vifaa havihitaji mkopo wa benki. Zipo lenzi ndogo za kubana kwenye simu kwa klipu, zinazouzwa na wauza vifaa vya simu mijini. Kilenzi kilichomo ndani ya kalamu ya leza iliyoharibika kikibandikwa kwa uangalifu mbele ya kamera ya simu hukuza kama hadubini ndogo. Tone dogo la maji safi likiwekwa juu ya kioo cha lenzi, simu ikageuzwa polepole, huwa lenzi kwa dakika chache, ingawa simu isiyostahimili maji isijaribiwe hivyo. Mwenye kamera ya zamani yenye lenzi ya milimita 50 inayofunguka anaweza kuigeuza, upande wa mbele ukatazama ndani, na lenzi ile ile ya kupigia watu ikawa ya kupigia siafu. Kinachobaki ni mwanga. Karatasi nyeupe ya daftari ikishikwa upande wa pili wa ua hurudisha jua kwenye kivuli, na kazi ya studio inafanyika shambani.

Kama kuna mtu aliyethibitisha kwamba uraibu huu ni wa mkulima kama ulivyo wa msomi, ni Wilson Bentley. Alizaliwa mwaka 1865 katika kijiji cha Jericho, jimbo la Vermont, Marekani, na alifanya kazi ya shamba maisha yake yote. Akiwa kijana mama yake alimpa hadubini ndogo. Baba yake, baada ya kusitasita, alikubali kununua kamera. Januari 15, 1885, Bentley, akiwa na umri wa miaka 19, aliunganisha kamera na hadubini na kupiga picha ya chembe moja ya theluji kabla haijayeyuka. Hadi alipofariki mwaka 1931 alikuwa amepiga zaidi ya 5,000. Majirani waliona theluji kama kero ya kusukuma kwa koleo. Yeye aliona kwamba kila chembe ina pembe sita na nakshi zake, na leo picha hizo ziko katika makumbusho. Hakwenda mbali na boma la baba yake kuzipata.

Nyakisasa haina theluji. Ina umande juu ya utando wa buibui, ina maua meupe ya mibuni yanayofunguka pamoja siku chache baada ya mvua na kunukia shamba zima, ina kinyonga anayebadilika rangi juu ya uzio wa minyaa, ina mchwa wanaotoka ardhini jioni ya mvua ya kwanza.

Kuna sababu nzito zaidi ya uzuri. Mwaka 1996 wataalamu waliokuwa wakichunguza mazingira ya bonde la mto Kihansi, kwenye safu ya Udzungwa, waliona chura mdogo wa rangi ya dhahabu ambaye sayansi haikumjua. Jike mkubwa hafiki sentimita 3. Hatagi mayai kama vyura wengine, huzaa watoto waliokamilika, kila mmoja wa milimita chache. Dunia yake yote ilikuwa kama hekta 2 za majani yaliyolowa kwa manyunyu ya maporomoko. Mwaka 2000 mradi wa umeme ulianza kuyachepusha maji, manyunyu yakapungua, na ugonjwa wa kuvu ukaingia. Mwaka 2009 chura wa Kihansi alitangazwa kuwa ametoweka porini. Aliokolewa kwa sababu mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walikuwa wamepelekwa Marekani na kuzalishwa katika bustani za wanyama. Mwaka 2010 vizazi vyao vilirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wengine wakaachiwa tena Kihansi.

Mtu aliyepiga picha pana ya maporomoko ya Kihansi kabla ya 1996 alipata mandhari nzuri, na chura alikuwemo ndani ya picha ile. Hakuonekana. Alionekana pale mtu alipopiga magoti.

Rusumo nako kuna maporomoko, na kuna mradi wa umeme wa megawati 80 unaogawanywa sawa kati ya Burundi, Rwanda na Tanzania. Umeme ni neema. Lakini ni nani anayeweza kusema kwa picha ni viumbe gani wadogo waliokuwa kwenye mawe na majani ya ukingo wa mto ule, mwezi kwa mwezi, mwaka kwa mwaka? Kazi hiyo haihitaji shahada. Ipo programu inayoitwa iNaturalist, iliyoanzishwa mwaka 2008, ambapo mtu yeyote huweka picha ya mmea au mdudu pamoja na mahali na tarehe, na wajuzi kutoka pembe zote husaidia kukitaja jina. Picha moja safi kutoka Nyakisasa inaweza kuwa ushahidi kwamba kiumbe fulani kipo mahali ambapo hakuna mtaalamu aliyefika.

Mkulima pia anafaidika. Viwavijeshi vamizi viliingia Tanzania mwaka 2017 na kushambulia mahindi. Kuvitofautisha na viwavi vingine ni kazi ya picha ya karibu: kichwani pana alama ya herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia pana madoa manne yaliyojipanga kama pembe za mraba. Macho yaliyochoka jioni hayayaoni, lakini simu iliyosogezwa vizuri inayaona. Programu ya Nuru, iliyotengenezwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania pamoja na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA, hutumia kamera ya simu kutambua magonjwa ya muhogo na viwavijeshi hivyo. Inazungumza Kiswahili, na inafanya kazi hata pasipo intaneti. Jina lake limetoka katika lugha hii yetu, na wakulima wa muhogo wa Ngara na Biharamulo wanalijua vizuri neno nuru bila kufasiriwa.

Basi kati ya namna hizi mbili, ipi bora? Salgado mwenyewe aliishi jibu. Yale aliyoyaona Rwanda, Congo na kwenye kambi yalimwumiza mwili na roho, akarudi shambani kwa wazazi wake Aimorés, Brazili. Ardhi ilikuwa imekauka. Mwaka 1998 yeye na mkewe Lélia walianzisha taasisi ya kuirudishia misitu, na miti zaidi ya milioni mbili ikapandwa. Alipoichukua tena kamera, alikwenda kupiga dunia ambayo haijaharibiwa. Moja ya picha zinazojulikana sana katika kazi hiyo aliipiga visiwa vya Galápagos mwaka 2004, nayo ni ya mguu wa mjusi wa baharini aitwaye iguana. Ni mguu peke yake: vidole, kucha na magamba yanayong'aa kama vazi la chuma la askari wa kale. Bwana yule yule aliyepiga umati wa Benaco kwa upana alipiga kucha za mnyama kwa ukaribu, na zote mbili ni kazi ya moyo mmoja. Alifariki Mei 2025, akiwa na miaka 81.

Anayejifunza afanye vivyo hivyo kwa kila anachokipiga. Akienda shamba la kahawa, apige shamba zima kutoka juu, kisha mikono ya mchumaji, kisha tunda moja jekundu lenye tone la maji. Picha tatu hizo zikiwekwa pamoja zinasimulia habari ambayo moja haiwezi. Ipo pia njia ya kuziunganisha katika picha moja: lenzi pana isogezwe karibu kabisa na senene aliyekaa juu ya jani, sentimita chache tu, ili mdudu awe mkubwa mbele na kijiji chake, na mlima wake, na mbingu yake vionekane nyuma. Mtazamaji anajua hapo hapo huyu ni nani na anaishi wapi.

Wala kifaa duni si kizuizi. Mohamed Amin, mpigapicha aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza akiwa mvulana mwenye kamera ya mtumba ya Box Brownie, kasha lisilo na urekebishaji wa maana. Kutoka kwenye kasha lile alifika hadi Ethiopia mwaka 1984, ambako picha zake za njaa ziliamsha misaada ya dunia nzima. Kamera yake ya kwanza ilikuwa duni kuliko simu ya bei nafuu inayouzwa leo Ngara mjini.

Adabu iende pamoja na ujuzi. Mtu aombwe ruhusa kabla ya kupigwa picha, na mtoto aombewe kwa mzazi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sura ya mtu ni mali yake. Karibu na daraja la mpakani, mitambo ya umeme na maeneo ya ulinzi, mpigapicha aulize kwanza na akubali akikatazwa. Ndani ya hifadhi afuate masharti ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Mdudu asinyofolewe bawa wala kugandishwa ili atulie. Asubiriwe, kesho atakuwepo. Na ndege aliye kwenye kiota aachwe, hata kama picha ingependeza, kwa sababu mama akikimbia mayai hupoa.

Mwisho ni kuhifadhi picha. Simu huanguka mtoni, huibwa, hufa. Picha nzuri za mwaka mzima hupotea nayo. Chache zilizo bora zisafishwe katika studio ya mjini, pale pale wanapopiga za paspoti, na nyuma ya kila moja iandikwe kwa kalamu ya risasi: kijiji, tarehe, na jina la kitu kwa Kihangaza au Kishubi kama mama na shangazi wanavyolitamka. Wazee wanaojua majina ya nyasi na wadudu bado wapo. Waonyeshwe picha, waulizwe.

Mpenzi msikilizaji wa Nyakisasa, Rulenge, Biharamulo na kwingineko: msimu mkubwa wa senene huanza Novemba. Futa kioo cha lenzi kwa kitambaa safi, chaji simu jioni, amka kabla ya jua. Piga kilima kwanza, halafu piga magoti.